Mtoto Anayeweza Kusema "Sitaki"

Mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka minne bila kusema huwa na neno moja analolisubiri. Mama husubiri kuitwa "mama". Bibi husubiri "shikamoo", maana ndilo neno linaloonyesha mbele ya wageni kwamba mtoto amelelewa. Mwalimu wa shule ya Jumapili husubiri "amina". Haya yote ni maneno mema, na mzazi anayeyalilia usiku mbele za Mungu hana kosa. Hata hivyo, katika insha hii nataka kulitetea neno jingine, ambalo ni nadra kuombewa: neno "sitaki".

Hoja yangu ni hii. Mpango wowote wa kumfundisha lugha mtoto mwenye usonji, uwe wa hospitali, wa shule au wa nyumbani, una kipimo kimoja cha kimaadili kinachotangulia vingine: je, unampa mtoto njia ya kukataa, na je, sisi tuko tayari kumsikia anapokataa? Nitajaribu kuonyesha kwamba hili si suala la wataalamu peke yao. Ni suala la imani, kwa sababu linagusa maana ya neno "ndiyo" mbele za Mungu.

Kwanza tuelewane kuhusu usonji wenyewe. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni, nayo hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyoshirikiana na wengine, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Hauambukizi. Si laana, wala si malipo ya dhambi ya wazazi. Wanafunzi walipomuuliza Bwana Yesu swali la namna hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, alikataa kuwahesabia dhambi yeye na wazazi wake (Yohana 9:1–3). Watoto wenye usonji hawafanani. Wapo wasiosema kabisa. Wapo wanaosema mengi, lakini maneno yao ni yale waliyoyasikia redioni au kwa watu wengine. Wapo wanaosoma ukurasa mzima kwa ufasaha wakiwa wadogo, na ukiwauliza kilichosomwa ni nini, wananyamaza. Ndiyo maana mafunzo yao yana sehemu mbili zisizopaswa kutenganishwa, yaani usemi na uelewa. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha taarifa juu ya watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza katika taarifa hiyo ni mvulana aliyeitwa Donald. Kanner anasimulia kwamba baba yake Donald alitaka kumfundisha kusema "ndiyo" na "hapana". Akamuuliza kama anataka kubebwa begani. Donald akalirudia swali kama lilivyo, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukubali. Baba akamweleza kwamba akitaka aseme "ndiyo", na asipotaka aseme "hapana". Alipoulizwa tena, Donald akasema "ndiyo". Baba bila shaka alifurahi. Lakini tangu siku ile, kwa muda mrefu, neno "ndiyo" kinywani mwa Donald lilikuwa na maana moja tu: nibebe begani.

Kisa hiki kinastahili kutafakariwa na kila mzazi na kila mwalimu. Baba alifundisha neno, mtoto akajifunza tukio. Sauti ilikuwa sahihi, matamshi yalikuwa sahihi, na mtu aliyekuwa akipita angesema mtoto ameanza kuongea. Lakini "ndiyo" ile haikuwa kukubali, kwa maana kukubali ni kuchagua, na anayechagua ni yule ambaye angeweza pia kukataa. Donald baadaye alijifunza mengi. Alifanya kazi benki katika mji wake huko Mississippi, alicheza gofu, alisafiri nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kisa chake cha utotoni kinabaki kuwa onyo kwetu: neno jema linaweza kutoka kinywani bila mtu kuwamo ndani yake.

Katika Kiswahili jambo hili lina ugumu wake. Mama anauliza, "Unataka uji?" Mtoto anajibu, "Unataka uji." Majirani wanacheka, au wanasema anaiga kama kasuku. Lakini tazama kinachohitajika ili ajibu sawasawa. Inampasa agundue kwamba ile silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi inambeba mtu, na kwamba zamu ya kusema ikigeuka, silabi nayo inageuka: "unataka" ya mama inakuwa "nataka" ya mtoto. Akishaligundua hilo, akataka kukataa, anakuta neno limebadilika mwanzo na mwisho: "nataka" imekuwa "sitaki". Kilichobaki ni kipande kidogo cha katikati. Sisi tuliokulia ndani ya lugha hii hatuuoni mlima huo. Kwa mtoto anayeyapokea maneno yakiwa mazima, kama mtu anayepokea vifurushi vilivyofungwa, "nataka" na "sitaki" hazina undugu wowote.

Katika miaka ya 1980 mtafiti Barry Prizant na wenzake walichunguza kwa makini watoto wanaorudia maneno, wakaona kwamba marudio hayo mara nyingi yana kazi. Mtoto hurudia ili kukubali, ili kuomba, ili kushika zamu yake katika mazungumzo, au ili kujituliza. Basi yule anayejibu "unataka uji" huenda ameshajibu. Mama anayelijua hili hamkemei. Anamwekea maneno katika nafasi yake, akisema "nataka uji" wakati anampa kikombe. Na mtoto anapokisukuma kikombe, mama huyo anasema kwa niaba yake, "sitaki", na anakiondoa. Somo zima limo katika kile kitendo cha mwisho. Akisema "sitaki" na bado akakisogeza kikombe mdomoni mwa mtoto, amemfundisha kwamba neno hilo halina kazi.

Historia ya mafunzo haya haikuanzia hapo. Katika miaka ya 1960 huko Los Angeles, mwanasaikolojia Ivar Lovaas alianza kuwafundisha watoto wenye usonji kwa kulikata kila somo katika vipande vidogo sana. Mwalimu anatoa agizo: "Gusa pua." Mtoto akigusa, anapewa kipande cha chakula na sifa. Asipogusa, anaelekezwa kwa mkono, kisha agizo linarudiwa. Sauti na maneno vilifundishwa kwa njia hiyo hiyo. Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Wakati ule watoto wengi wa namna hii walifungiwa katika taasisi bila kufundishwa chochote, na huyu alikuwa ameamini kwamba wanaweza kujifunza. Mwaka 1987 alichapisha habari za watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki, akaripoti kwamba 9 kati yao walifika darasa la kawaida. Wapo waliohoji namna watoto hao walivyochaguliwa na kulinganishwa na wengine, lakini wazazi wengi walipata tumaini.

Historia hiyo ina upande mwingine. Mwaka 1965 jarida la Life la Marekani lilionyesha kazi hiyo kwa picha, na ndani yake watoto walifokewa, walipigwa makofi, na umeme ulitumika kuwaadhibu. Njia za leo zilizotokana na kazi ile kwa sehemu kubwa zimeziacha adhabu hizo, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hata fimbo ikiondolewa, swali linabaki. Je, mtoto huyu anafundishwa kusema, au anafundishwa kutii? Mtoto anayegusa pua mara mia kwa agizo, ambaye hana njia ya kuwaambia watu kwamba jino linamuuma, ameongezewa utii. Lugha bado hajapewa.

Hatua ya kuelekea kwenye lugha ilionekana mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, ambapo Andy Bondy na Lori Frost walianzisha mafunzo ya kubadilishana picha, yanayojulikana kwa kifupi kama PECS. Hayaanzi na agizo. Yanaanza na kitu ambacho mtoto anakitaka. Watu wazima wawili wanahitajika: mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa na kitu hicho, tuseme ndizi, na mwingine anakaa nyuma yake bila kusema neno. Mtoto anaponyoosha mkono kuelekea kwenye ndizi, wa nyuma anamsaidia kuokota picha ya ndizi na kuiweka kiganjani mwa yule wa mbele. Wa mbele anaitaja ndizi na kumpa papo hapo. Msaada wa nyuma unapunguzwa kidogo kidogo hadi mtoto anafanya peke yake. Baadaye anajifunza kumfuata mtu aliye mbali, kuchagua kati ya picha mbili, kupanga sentensi kwa picha, kujibu akiulizwa anataka nini, na mwisho kueleza anachokiona au kukisikia.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mtoto ndiye anayeanza, na mtu mzima ndiye anayejibu. Waanzilishi wake wanahimiza pia mtoto afundishwe kukataa na kuomba mapumziko. Lakini nyumbani na shuleni ni rahisi kadi hizo kuachwa nyuma. Tunachora ndizi, maji, mpira na choo. Kadi ya "sitaki", ya "basi" na ya "nimechoka" tunasema tutazitengeneza baadaye. Sababu haiko mbali: kadi ya "nataka" inatufurahisha, na kadi ya "sitaki" inatusumbua. Mtoto akishaipata, ataitumia wakati wa kuoga, wakati wa somo, na wakati shangazi anataka kumkumbatia.

Ukweli ni kwamba mtoto huyo anakataa tayari. Anakataa kwa kujitupa chini, kwa kuuma mkono, kwa kuziba masikio, kwa kukimbia. Kilichopungua ni msikilizaji. Mwaka 1985 huohuo, Edward Carr na Mark Durand wa Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakifanya vurugu darasani. Walichunguza kwanza vurugu zinatokea lini. Kwa baadhi ya watoto, zilitokea kazi inapokuwa ngumu. Watoto hao wakafundishwa sentensi fupi ya kumwambia mwalimu kwamba hawaelewi, na walipoisema, mwalimu aliwasaidia. Vurugu zikapungua. Hawakupigwa wala hawakuhubiriwa. Walipewa neno lililofanya kazi ileile ambayo mwili ulikuwa ukiifanya kwa gharama kubwa.

"Sielewi" ni ndugu wa "sitaki". Yote mawili ni maneno ya kukanusha, na mara nyingi tunayasikia kama utovu wa nidhamu. Lakini mwalimu anaweza kumfundisha kwa uhakika yule tu anayeweza kumwambia "sielewi". Mwanafunzi anayeitikia "ndiyo, mwalimu" kwa kila kitu anamwacha mwalimu gizani. Hili ni kweli kwa mtoto mwenye usonji, na ni kweli pia kwa darasa zima la kipaimara linalokariri Amri Kumi na Imani ya Mitume bila kukosea hata neno. Luther alipoandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, kila sehemu aliifuatisha na swali la maana yake. Alijua kwamba kukariri si mwisho wa safari. Nasi mara nyingi tunayakariri hata yale maelezo ya maana, tukadhani tumemaliza. Kabla hatujamwonea huruma mtoto anayerudia maneno bila uelewa, tujiulize ni mara ngapi sisi tumefanya hivyo mbele ya madhabahu.

Hapa najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi zito. Malezi yetu yanamfundisha mtoto kutii kwanza. Mtoto anayemwambia mkubwa "sitaki" anahesabiwa kuwa hana adabu, na Maandiko yanawataka watoto wawatii wazazi wao. Tena mtoto mwenye usonji anaweza kukimbilia barabarani au kushika moto. Je, tumfundishe kukataa, halafu tumwache afanye apendavyo?

Jibu la kwanza ni kwamba kusikia kukataa kwa mtu si sawa na kukubaliana naye. Neno "simama" lazima lifundishwe, na lifundishwe mapema. Dawa lazima inywewe. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mzazi anayemshika mtoto kwa nguvu na kumchoma sindano kana kwamba anashika gunia, na mzazi anayemwambia, "Hutaki, ninajua. Inauma. Nimekushika, itakwisha." Wote wawili wamehakikisha sindano imechomwa. Mmoja wao amemwacha mtoto akijua kwamba neno lake lilifika.

Jibu la pili linatoka kwa Bwana wetu mwenyewe. Alisimulia habari za mtu mwenye wana wawili (Mathayo 21:28–31). Wote walitumwa shambani. Mmoja alikataa waziwazi, baadaye akajuta akaenda. Mwingine aliitikia kwa heshima zote, asiende. Bwana akauliza ni yupi aliyeyafanya mapenzi ya baba, na jibu lilikuwa yule aliyekataa kwanza. Tunaposoma mfano huu huwa tunatazama toba ya mwana wa kwanza, na ni sawa. Lakini tuone pia nyumba aliyoishi. Ilikuwa nyumba ambamo mwana aliweza kumwambia baba "sitaki" na asifukuzwe. Alibaki na nafasi ya kubadili nia. Utii wake, ulipokuja, ulikuwa wake. Yule wa pili alikuwa na "ndiyo" nzuri, na ilikuwa tupu kama "ndiyo" isiyo na mtu ndani yake.

Na jibu la tatu ni Gethsemane. Kabla ya mateso, Mwana wa Mungu aliomba kikombe kimwondokee. Alisema asichokitaka, tena alisema zaidi ya mara moja, ndipo akayaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake. Kikombe hakikuondolewa. Lakini ombi lake halikukemewa, na Luka anatuambia kwamba malaika alitumwa kumtia nguvu (Luka 22:43). Ikiwa mbele za Baba wa mbinguni kulikuwa na nafasi ya sala hiyo, ni kwa haki gani tunamnyima mtoto nafasi ya kusema hivyo mezani kwetu?

Kuna kosa jingine, ambalo ni kinyume cha kumnyamazisha mtoto: kumsemea. Katika miaka ya 1990 ilienea huko Marekani, ikitokea Australia, njia ambayo msaidizi alishika mkono au kiwiko cha mtu asiyesema ili aweze kuandika kwa kugusa herufi. Watoto waliodhaniwa hawana lugha wakaonekana wakiandika sentensi ndefu na barua za upendo kwa wazazi wao. Wazazi walilia kwa furaha. Kisha yakafanyika majaribio rahisi: mtoto alionyeshwa picha moja, na msaidizi akaonyeshwa picha nyingine bila kujua kwamba zinatofautiana. Kilichoandikwa kilikuwa kile alichokiona msaidizi. Wengi wa wasaidizi hao hawakuwa waongo. Walitamani sana mtoto aseme, na mikono yao ikasema kwa niaba yake bila wao kujua.

Kanisani tunaweza kufanya jambo kama hilo bila kushika mkono wa mtu. Tunasema mtoto huyu ni malaika, hajui dhambi, anafurahia ibada, anampenda kila mtu. Pengine ndivyo. Pengine vipaza sauti vinamuumiza masikio na yeye amekuja kwa sababu amebebwa. Kumpenda mtu ni pamoja na kutomtungia maneno.

Biblia ina kisa cha mtu asiyeweza kusema ambaye hakusemewa. Zakaria alipokuwa bubu, ndugu na majirani walikuwa wameshaamua jina la mwanawe: aitwe kama baba yake. Elisabeti alikataa, wasimsikilize. Wakamwashiria Zakaria kwa mikono, naye akaomba kibao akaandika jina jingine (Luka 1:59–63). Kwa maneno mengine, mtu aliyetumia ishara na maandishi aliutumia uwezo huo kuupinga uamuzi wa ukoo mzima, na kibao chake kikahesabiwa kuwa kauli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, nao unayatambua mawasiliano kwa upana huo: maandishi, mguso, ishara, vifaa na njia nyingine mbadala. Kadi ya picha, ishara ya mkono na kishikwambi kinachotoa sauti ni vibao vya Zakaria vya siku zetu.

Lipo pia jambo ambalo tunaogopa kulitaja. Watoto wenye ulemavu wako katika hatari kubwa kuliko wenzao ya kupigwa na kudhalilishwa kingono, mara nyingi na watu wanaowafahamu. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba kila mtu mzima akitoa agizo anatii na kupewa pipi, ambaye hajawahi kuona "sitaki" yake ikimzuia mtu yeyote, tumemkabidhi kwa mwovu akiwa ameshaandaliwa. Mzazi anayedhani kwamba kumfundisha mtoto kukataa ni anasa ya wenye nafasi aikumbuke hatari hii.

Nani atafundisha? Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache katika nchi zetu, na wengi wao wako mijini. Shule kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam na City Primary ya Nairobi zina vitengo vya watoto wenye usonji, lakini mzazi wa kijijini hawezi kumpeleka mtoto huko kila siku. Kanisa limefanya sehemu yake: huko Lushoto, chuo kikuu cha KKKT kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa kilipoanza mwaka 2007 kiliipa elimu maalumu nafasi ya kwanza. Hata hivyo kazi kubwa itabaki nyumbani, na hilo lisitukatishe tamaa. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti wa watoto 152 wa umri wa kabla ya shule, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Mtaalamu hakumfundisha mtoto moja kwa moja. Alikaa na mzazi, wakatazama pamoja video fupi ya mzazi huyo akicheza na mwanawe, wakatafuta dakika ambazo mtoto alijaribu kuwasiliana na mzazi hakuona. Mwanzoni kilichobadilika zaidi ni namna wazazi walivyowaitikia watoto wao. Watoto hao walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, katika taarifa ya mwaka 2016, faida kwa watoto wenyewe ilionekana. Njia hiyo ilirekebishwa na kujaribiwa pia Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, ikifundishwa na wahudumu wa jamii wasio mabingwa.

Moyo wa mafunzo hayo ni kungoja na kutazama. Mzazi anapunguza maswali, anashuka chini alipo mtoto, anafuata kile mtoto anachokitazama, na anajibu hata dalili ndogo. Ni kazi ya subira, na haitaji shahada. Mama anayechota maji, kupika na kulea wengine watatu hawezi kuifanya kutwa nzima. Hapo ndipo usharika unapoingia. Mzee wa kanisa anayekwenda kukaa na watoto wengine kwa saa moja, ili mama huyo acheze na huyu mmoja, amefanya huduma ya neno kama aliyepanda mimbarani.

Limebaki swali la kipaimara. Vijana wanasimama mbele ya usharika, wanaulizwa, wanaitikia "ndiyo". Kijana asiyesema afanyeje? Wapo wanaotaka asiletwe, kwa kuwa hawezi kukiri. Wapo wanaotaka aletwe na kuitikiwa na mama yake, kwa kuwa neema ni ya wote. Wa kwanza wanasahau kibao cha Zakaria. Wa pili nia yao ni njema, lakini wanamsemea. Napendekeza njia ndefu zaidi: aandaliwe kwa picha na matendo, kwa miezi au miaka, akiwa na kadi mbili mkononi, ya kukubali na ya kukataa, na awe ameshaona mara nyingi katika maisha yake kwamba zote mbili zinafanya kazi. Siku hiyo aulizwe kama wengine, na angojewe.

Inawezekana akainua kadi ya pili. Huenda makelele yamemzidi, huenda kanzu inamwasha, huenda hataki. Basi ibada iendelee, naye aulizwe siku nyingine, mahali penye utulivu zaidi. Neema ya ubatizo wake haikupungua, na aliyemwita hana haraka.

Kadi ya "sitaki" hutengenezwa kwa kipande cha boksi, kalamu ya wino na gundi kidogo. Chora kiganja kilichoinuliwa. Itoboe, uitundike kwa uzi mahali mkono wa mtoto unapofika, nyumbani, darasani na kwenye benchi la kanisa. Siku atakapoigusa, acha ulichokuwa ukikifanya, mtazame, mwambie umesikia.